Kroatia walibadili pesa, na noti za zamani zilikwenda wapi?

Mwezi huu tunaomba tuzungumze habari ya pesa. Siyo pesa ya msaada wala orodha ya mgao, hizo mnazijua kuliko sisi. Tunataka kueleza jinsi nchi moja ilivyoacha pesa yake yenyewe na kuingia katika pesa ya pamoja na majirani zake, na yaliyowapata watu wa kawaida majumbani mwao.

Mtauliza, habari hiyo inatuhusu nini sisi wa kambini? Inatuhusu. Kila redio inapotaja pesa moja ya Afrika Mashariki, katika darasa letu la jioni la watu wazima swali ni lile lile: zile faranga tulizovuka nazo mpaka, zilizofungwa kwenye kitambaa na kuwekwa chini ya godoro, siku hiyo zitakuwa nini? Ni swali la haki. Hatuwezi kulijibu kwa kubuni, lakini tunaweza kuwaangalia wale waliokwisha kupita njia hiyo.

Nchi yenyewe ni Kroatia, iko Ulaya, inatazamana na Italia ng'ambo ya bahari. Watu wake hawafiki milioni 4. Vijana wa mpira wanaijua tayari, ndiyo nchi ya Luka Modrić, ile iliyofika fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2018 ikafungwa na Ufaransa mabao 4 kwa 2.

PESA ILIYOZALIWA VITANI

Kroatia zamani ilikuwa sehemu ya Yugoslavia. Mwaka 1991 ilitangaza uhuru, vita vikaanza, vikaendelea mpaka 1995. Watu laki kadhaa walikimbia makwao, Wakroatia na Waserbia pia, kila upande kwa wakati wake. Kwa hiyo tunapoisema nchi hii, tunasema habari ya watu ambao wengi wao wanajua maana ya kufunga mzigo usiku.

Katikati ya vita hivyo, Desemba 1991, walitoa pesa yao ya kwanza, dinari ya Kroatia. Haikukaa vizuri. Serikali ilikuwa na vita vya kulipia, bei zikapanda mwezi hadi mwezi, na kufika 1993 mshahara ulikuwa unayeyuka mkononi. Watu wakajifunza kuweka akiba kwa pesa ya Ujerumani, iliyoitwa marki. Mtu wa Bunia au Bukavu haelezwi zaidi hapo: ndivyo sisi tunavyoficha dola.

Tarehe 30 Mei 1994 wakaiacha dinari na kuleta pesa mpya, Kuna moja kwa dinari 1,000. Ndiyo, jina lake ni kama neno letu "kuna", na wanafunzi wetu walicheka sana tulipowaambia kwamba kule mtu anaweza kusema hana Kuna. Sisi tutaiandika kwa herufi kubwa ili tusichanganyikiwe. Kwa lugha yao kuna ni mnyama mdogo mwenye manyoya mazuri, ukimwona utasema ni ndugu wa nguchiro. Zamani za wafalme, watu wa huko walilipa kodi kwa ngozi za mnyama huyo, ndiyo maana pesa ikapewa jina lake.

Lakini siyo wote waliolifurahia jina. Kati ya 1941 na 1945 ilikuwepo serikali ya Kroatia iliyoshirikiana na Hitler, ikaua Waserbia, Wayahudi na Waroma wengi, na pesa ya serikali ile nayo iliitwa Kuna. Familia zilizopoteza watu wao zililisikia jina hilo kwa uchungu. Tunalitaja kwa sababu wengi hudhani pesa ni namba tu. Siyo. Noti inabeba picha na jina, na watu hukumbuka.

Pamoja na hayo, Kuna ilitulia. Ikakaa miaka 28, watoto wakazaliwa wakakua bila kujua pesa nyingine. Mwaka 2013 Kroatia ikaingia Umoja wa Ulaya, na tangu hapo njia ya kwenda kwenye Yuro ikawa wazi.

MAMA WA SOKONI NA HESABU YA 7.53450

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo pana mafundisho.

Kwanza, kiwango. Julai 2022 kilitangazwa rasmi: Yuro 1 kwa Kuna 7.53450. Kiwango kimoja, kwa tajiri na kwa maskini, kwa benki na kwa mwenye kibanda. Hakuna mtu aliyekatwa kitu. Wenyeji wetu wa Uganda wenye umri watawaambia habari ya Mei 1987, pale shilingi ilipoondolewa sifuri mbili na juu ya hapo ikakatwa asilimia 30. Uganda ilikuwa imetoka vitani na hazina ilikuwa tupu, tunaelewa, lakini aliyekuwa na akiba yake aliona theluthi karibu nzima inaondoka. Kroatia haikufanya hivyo.

Pili, bei mbili. Kuanzia tarehe 5 Septemba 2022 kila duka lilitakiwa kuandika bei kwa Kuna na kwa Yuro pamoja, na sheria hiyo ikaendelea mpaka mwisho wa 2023. Maana yake ni kwamba mama akienda dukani, kwa zaidi ya mwaka mzima aliziona bei zote mbili juu ya mkate ule ule. Jicho lake lilizoea kidogo kidogo.

Tatu, sarafu za kujifunzia. Kuanzia Desemba 2022 mtu aliweza kununua kifurushi cha sarafu 33 za Yuro kwa Kuna 100. Ndani yake mlikuwa na Yuro 13 na senti 28. Watu walizipeleka nyumbani, watoto wakazichezea mezani, wazee wakazishika kujua ipi ni ipi kwa vidole. Sarafu zenyewe upande mmoja zina picha za kwao: yule mnyama kuna yuko kwenye Yuro 1, ramani ya nchi iko kwenye Yuro 2, na Nikola Tesla, mtaalamu wa umeme, yuko kwenye senti 10, 20 na 50. Tesla alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Kroatia lakini wazazi wake walikuwa Waserbia, kwa hiyo hata hapo maneno hayakukosa.

Nne, siku yenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2023, saa sita kamili, Yuro ikawa pesa ya nchi. Gavana wa Benki Kuu, Boris Vujčić, alikwenda kwenye mashine ya benki akatoa Yuro watu wakimwona. Pesa zilizokuwa benki zilijigeuza zenyewe, mwenye akaunti hakupanga foleni. Kwa wenye Kuna mkononi zilitolewa wiki mbili za kutumia pesa zote mbili: ulilipa kwa Kuna, chenji ukarudishiwa kwa Yuro. Baada ya tarehe 14 Januari duka halikupokea tena Kuna, ila benki na posta ziliendelea kuzibadilisha mwaka ule wote.

Hebu tufanye hesabu kidogo, kalamu mkononi. Mama amezoea kununua chakula cha Kuna 100. Gawa kwa 7.5345, unapata Yuro 13 na senti 27. Hiyo ndiyo bei ya haki. Sasa mwenye duka anasema, aa, senti za nini, tufanye 14. Zidisha 14 kwa 7.5345, inakuja Kuna 105 na nusu hivi. Kwa neno moja la "tufanye", mama amepoteza Kuna 5 na ushee. Au kikombe cha kahawa cha Kuna 10: haki yake ni Yuro 1 na senti 33. Ukiambiwa 1 na 50, umelipa zaidi ya Kuna 11, yaani bei imepanda kwa asilimia 13 na kahawa ni ile ile. Wanafunzi wa darasa la sita walifanya hesabu hii wakapata, wazazi nao wajaribu.

BEI ZILIPANDA AU HAZIKUPANDA?

Zilipanda, na kelele zilikuwa nyingi. Wiki ya kwanza ya Januari 2023 watu walipiga picha za risiti, wakasema wenye maduka, vinyozi na mikahawa wanatumia Yuro kujipatia faida. Serikali ya Waziri Mkuu Andrej Plenković ikakasirika, ikawataka wafanyabiashara warudishe bei ya tarehe 31 Desemba, na wakaguzi wakatumwa madukani.

Ila tuwe wakweli. Bei zilikuwa zinakimbia kabla ya Yuro kuingia. Desemba 2022, Kuna ikiwa bado inatumika, vitu vilikuwa vimepanda kama asilimia 13 kuliko Desemba ya mwaka uliotangulia. Ulaya nzima ilikuwa hivyo, baada ya vita vya Ukraine kupandisha gesi na nafaka. Kwa hiyo Yuro ilikuta moto umeshawaka, na baadhi ya wenye maduka wakaongezea kuni zao. Lawama zote kwa pesa mpya hatuzikubali. Kusema hakuna aliyeibiwa, hatukubali pia. Aliyeweza kusoma bei mbili alijilinda, asiyeweza alilia. Ndiyo maana tunawasumbua wazazi kila wiki waje darasani.

UFUNGUO WA SANDUKU

Faida ya pesa ya pamoja ni rahisi kuiona. Kroatia inaishi sana kwa watalii, na wengi wanatoka nchi za Yuro. Siku hizi mgeni halipi mtu wa kubadilisha pesa, na mfanyabiashara akiagiza mali Italia au Ujerumani haogopi kwamba kesho kiwango kitaruka. Sisi tunaobadilisha faranga kuwa shilingi kwa vijana wa pale stendi tunajua kila kubadilisha kunakula kitu. Unakwenda na noti nene, unarudi na noti nyembamba.

Hasara yake haionekani haraka. Nchi ikiwa na pesa yake, ufunguo wa sanduku uko kwake. Ikiingia katika pesa ya pamoja, ufunguo unakwenda kwenye meza ya wengi. Kwa Yuro meza hiyo iko Frankfurt, Ujerumani. Gavana wa Kroatia anakaa hapo, lakini ni mmoja kati ya wengi. Nchi yake ikiingia katika shida, hawezi kusema leo tupunguze thamani ya pesa yetu ili bidhaa zetu ziuzike. Ugiriki waliyaona hayo: mwishoni mwa Juni 2015 benki zao zilifungwa, na mtu aliruhusiwa kutoa Yuro 60 tu kwa siku kwenye mashine, hata kama akaunti yake ilikuwa imejaa.

Lakini mbona sisi tusiulize pia upande wa pili: ufunguo ukikaa nyumbani, unakaa kwa nani? Wazee wetu waliokuwa Zaire wanajua. Mwaka 1967 zaire moja ilikuwa na thamani ya dola 2 za Marekani. Baadaye serikali ilipiga chapa pesa kila ilipotaka kulipa, mpaka ikatoka noti ya zaire milioni 5. Januari 1993 wanajeshi waliolipwa kwa noti hiyo, wakakuta wafanyabiashara hawaitaki, walipora Kinshasa. Oktoba mwaka ule ule ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Watu wa Kasai wakaikataa, wakaendelea kutumia zile za zamani. Mwaka 1998 ikaja faranga ya sasa, moja kwa zaire mpya 100,000. Mkizidisha zote mbili, faranga moja ya 1998 ilikuwa sawa na zaire bilioni 300 za zamani. Namba hiyo tuliiandika ubaoni, ubao ulikaribia kwisha.

Kwa hiyo mtu akisema pesa ya taifa ni heshima ya taifa, tunamsikiliza, ila tunamkumbusha na huo ubao.

NA PESA YA AFRIKA MASHARIKI?

Hii siyo ndoto mpya. Tangu wakati wa Waingereza, Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia shilingi moja. Mwaka 1966 kila nchi ikatoa shilingi yake. Tarehe 30 Novemba 2013 marais walikutana Kampala, Burundi, Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda wakatia sahihi mkataba wa kurudi kwenye pesa moja ndani ya miaka kumi. Mwaka 2024 ukafika, ukapita, pesa haikuja. Lengo limesogezwa mpaka 2031. Kongo yetu iliingia katika Jumuiya mwaka 2022, kwa hiyo jambo hili siku hizi ni letu pia.

Kabla ya kuingia, kila nchi inatakiwa ionyeshe kwamba nyumba yake imepangika: kwa mfano bei zisipande zaidi ya asilimia 8 kwa mwaka, na nchi iwe na akiba ya pesa za kigeni ya kutosha kuagiza vitu miezi minne na nusu. Kroatia nayo ilipimwa kwa masharti ya aina hiyo, ikangoja. Bulgaria, jirani wa eneo lile, iliingia Umoja wa Ulaya mwaka 2007 na ikaipata Yuro tarehe 1 Januari 2026. Miaka 19! Mtu asidhani ni jambo la kupiga mhuri Jumatatu na kuanza Jumanne.

Kwetu sisi swali kubwa kuliko yote ni la mlango, yaani mlango wa kurudishia noti za zamani utakaa wazi muda gani. Noti za Kuna hazina mwisho: Benki Kuu ya Kroatia inazipokea bila kikomo cha muda, kwa kiwango kile kile cha 7.53450. Mkroatia aliyekwenda Australia akasahau noti ndani ya kitabu, mjukuu wake ataibadilisha. Sarafu zilipewa miaka mitatu, mlango wake ukafungwa tarehe 31 Desemba 2025, na nyingi zilibaki kwenye makopo ya majumbani. Ufaransa walikuwa wakali zaidi, noti zao za faranga ziliacha kupokelewa Februari 2012, miaka kumi tu baada ya Yuro kuanza kushikwa mkononi.

Miaka kumi, tumesema "tu". Lakini linganisheni na huku kwetu. Kenya mwaka 2019 ilipoondoa noti za zamani za shilingi 1,000 ilitoa miezi minne. Burundi, Juni 2023, ilipoondoa noti za faranga 5,000 na 10,000 za mwaka 2018, ilitoa siku 10. Siku 10! Kila nchi ina sababu zake, walikuwa wanawatafuta wanaoficha pesa nyingi. Lakini mfikirieni mama aliye kambini, mpaka uko mbali, hana karatasi za kusafiria, na habari inamfikia siku ya nane. Hakuficha pesa, alikimbia nayo.

Ndiyo maana, kama wakubwa wa Jumuiya wangetuuliza sisi wakimbizi, tusingeanza na jina la pesa wala picha ya noti. Tungeomba mambo mawili. Mlango ukae wazi miaka, siyo siku. Na noti ziweze kubadilishwa katika nchi yoyote ya Jumuiya, ili mtu asilazimike kurudi mahali alipokimbilia risasi kwa ajili ya kubadilisha elfu ishirini. Viongozi wetu wa kamati wanakutana mara kwa mara na wageni wa mashirika, tunawaomba waliseme hili wanapopewa nafasi, hata kama 2031 inaonekana mbali.

Kuna jambo moja la haraka zaidi. Miezi hii wamepita watu katika vitongoji wakisema faranga inakufa, eti pesa ya Afrika Mashariki imekaribia, waliweza kununua faranga za watu kwa nusu ya bei. Wazee wawili tunaowajua waliuza. Hakuna tarehe iliyotangazwa ya kubadilisha faranga kuwa pesa ya Jumuiya. Faranga ya Kongo ni pesa halali leo kama ilivyokuwa jana. Mtu akija mlangoni na maneno hayo, mwambieni alete tangazo la Benki Kuu lenye kiwango na tarehe. Akikosa, msiuze, na mtupigie hodi shuleni, jioni yoyote tupo mpaka saa kumi na mbili.